Bakuli la kisusio na kikao cha Yerusalemu

Desemba ikifika, Wachaga tunapanda mlimani. Mabasi yanajaa, nauli inapanda, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kinanuka moshi wa kuni na nyama. Mwaka juzi tulikuwa kwa baba mkubwa, Marangu. Mbuzi ameshalazwa juu ya majani ya migomba, damu yake imekingwa kwenye sufuria, na kijana mmoja anaikoroga kwa kijiti isigande. Ndiyo kisusio hicho: damu, utumbo uliokatwakatwa, chumvi, moto mdogo. Anayekijua hahitaji kuelezwa, na asiyekijua hataelewa kwa maandishi.

Bakuli likazunguka. Likafika kwa binamu yangu, ambaye siku hizi anasali kwenye kanisa moja la kilokole mjini. Akalipitisha bila kunywa.

"Vipi wewe, unaumwa?" baba mkubwa akauliza.

"Hapana, baba. Ni Matendo ya Mitume kumi na tano. Damu imekatazwa."

Baba mkubwa amekuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kwa miaka mingi kuliko umri wa binamu yangu. Akanywa funda moja taratibu, akajifuta mdomo. "Sura hiyohiyo imekataza na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Yule kuku uliyekula stendi jana na chipsi zako, ulimuuliza muuzaji alikufaje?"

Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa. Mimi nikabaki na ile sura. Usiku, wenzangu wamelala, niliifungua kwenye simu chini ya blanketi na kuisoma yote, polepole. Nimeisikia tangu darasa la kipaimara. Lakini usiku ule ndipo nilipogundua jambo lililokuwa wazi siku zote: katika kikao kile cha mitume kule Yerusalemu, sisi tusio Wayahudi hatukuwepo.

Hesabu waliosimama kusema. Petro, mvuvi wa Galilaya. Barnaba, Mlawi wa Kipro. Paulo, wa kabila la Benyamini. Yakobo, ndugu yake Bwana, ndiye anayefunga hoja. Wote Wayahudi. Wamo hata "baadhi ya madhehebu ya Mafarisayo walioamini", neno ambalo shule ya Jumapili ilitufundisha kulitumia kama tusi, na hapa linatajwa bila lawama yoyote. Paulo mwenyewe, sura nane mbele, anasimama mbele ya Baraza na kusema yeye ni Farisayo. Anasema ni, hasemi alikuwa. Asiye Myahudi ninayemwona karibu ni Tito, Myunani ambaye Paulo anawaambia Wagalatia kwamba alikwenda naye Yerusalemu, na wengi wanaamini ilikuwa safari hiyohiyo. Tito haandikiwi hata neno moja. Ameletwa kama mtu anavyoleta sampuli dukani: angalieni wenyewe, huyu hakutahiriwa, na Roho anaye.

Ilikuwa karibu mwaka 49 au 50. Ajenda ilikuwa moja: hawa watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wanaoanza kumwamini Masihi wa Israeli, waingie vipi? Watahiriwe kwanza, wachukue Torati yote, au kuna namna nyingine? Nimekaa kwenye vikao vya usharika vya kutosha kutambua harufu ya ajenda inayowahusu watu wasiokuwepo chumbani.

Sisi leo tunaliuliza swali hilo kinyume. Tunashangaa Myahudi akiitwa Mkristo, kana kwamba amehama nyumba. Mle ndani hakuna aliyedhani amehama. Hata jina la Wakristo walipewa na watu wengine, kule Antiokia, na katika Agano Jipya lote limeandikwa mara tatu tu. Wao walijiita watu wa Njia. Masinagogi walikuwa nayo, hekalu walikuwa nalo, na Maandiko yao ni yale tunayoyaita sisi Agano la Kale, kwa sababu lingine lilikuwa halijaandikwa. Paulo anapomkumbusha Timotheo Maandiko aliyoyajua tangu utoto, hawezi kuwa anazungumzia Injili ya Mathayo.

Nikisema hivi kwa Kiswahili nina nafuu ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Huyo Yakobo aliyefunga kikao, Wazungu wanamwita James. Mtoto wa London anaweza kuzeeka asijue kwamba jina hilo ni lilelile la baba wa makabila kumi na mawili. Sisi tunaona Yakobo mwana wa Isaka, Yakobo mwana wa Zebedayo, Yakobo ndugu wa Bwana, na hatuhitaji mtaalamu wa kutuambia kwamba ni watu wa ukoo mmoja. Mama yake Yesu kwetu ni Mariamu, dada yake Musa ni Miriamu, na kwa asili ni jina moja. Na maneno je? Sadaka, nabii, Torati, Masihi, amina: mengine yametufikia kwa mkono wa Kiarabu, lakini Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na Myahudi wa karne ya kwanza angekisia nusu ya maneno yetu ya ibada bila mkalimani.

Halafu kuna saa. Hili nalipenda kuliko yote.

Petro anasimama siku ya Pentekoste kuwatetea wenzake: hawa hawajalewa, maana ni saa tatu ya mchana. Msomaji wa Kiingereza anaikuta saa ya tatu na inambidi atafute maelezo chini ya ukurasa. Sisi ni saa tatu asubuhi, watu wanakunywa chai, kwisha. Sura inayofuata, Petro na Yohana wanapanda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa". Saa tisa ni saa tisa. Jua limeshaanza kuegemea, kivuli kimerefuka, watoto wa shule wanarudi nyumbani. Kwa nini saa tisa? Kwa sababu ndiyo saa ya sadaka ya jioni. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyohiyo, anaitaja saa hiyo pia. Mwanakondoo mmoja asubuhi, mmoja alasiri, kila siku, na watu wanasimama uani kusali wakati moshi unapanda. Hivyo basi, baada ya msalaba, baada ya ufufuo, baada ya ndimi za moto, mitume wawili wakuu wanawahi ibada ya hekalu pamoja na Wayahudi wenzao. Hakuna aliyewaambia kwamba hekalu limepitwa na wakati.

Usiku nao nilijifunza kwa aibu. Nilipohamia Tanga kikazi, mama mwenye nyumba wangu alinialika kwenye maulidi, "usiku wa Ijumaa, mwanangu, usikose". Ijumaa jioni nikavaa shati safi, nikabeba kilo mbili za sukari, nikabisha hodi. Uani kimya. Masufuria yameshaoshwa na kufunikwa.

"Shikamoo mama. Nimewahi sana?"

"Marahaba. Mbona jana hukuja?"

Mtu wa Marangu angejuaje kwamba pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi, kwamba siku inaanza jua likizama? Nilipewa wali uliolala na nikala kwa heshima. Lakini tangu siku hiyo nasoma habari za maziko ya Yesu kwa macho mengine. Ile haraka ya Yusufu wa Arimathaya, wanawake wanaoangalia kaburi na kuondoka bila kupaka manukato: ilikuwa Maandalio, jua linashuka, na likizama tu sabato imeingia. Luka anaongeza kwamba wanawake walistarehe siku ya sabato kama ilivyoamriwa. Bwana wao amekufa, na wao wanashika amri. Sijawahi kusikia mahubiri ya Pasaka juu ya mstari huo.

Nirudi Yerusalemu. Mwaka 1871 Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alipata jiwe lenye maandishi ya Kigiriki. Lilikuwa tangazo la hekaluni, na leo limehifadhiwa Istanbul. Kwa ufupi linasema: mtu wa taifa lingine asivuke kizuizi hiki, atakayekamatwa amejitakia mwenyewe kifo kitakachomfuata. Herufi zimechongwa kubwa, za kusomeka, kama kibao cha "hatari, umeme". Kizuizi hicho ndicho kilichomponza Paulo. Matendo 21 inasimulia kwamba alipofika Yerusalemu kwa mara ya mwisho, Yakobo na wazee walimwambia: ndugu, unaona Wayahudi walioamini ni maelfu, na wote wana bidii kwa Torati, nao wamesikia kwamba wewe unawafundisha Wayahudi wamwache Musa. Dawa waliyompa ni hii: wapo watu wanne wenye nadhiri, jitakase pamoja nao, uwalipie gharama za kunyolewa, ili watu wajue kwamba uvumi huo ni uongo.

Paulo akakubali. Akaingia hekaluni, akajitakasa, akatangaza siku ambayo sadaka itatolewa kwa kila mmoja wao. Mtu tunayeambiwa kila mwaka kwamba aliifuta Torati alikamatwa akiwa katikati ya ibada ya hekalu, kwa shutuma kwamba amemvusha Trofimo wa Efeso, mtu wa Mataifa, pale kwenye lile jiwe. Luka anasema walikuwa wamemwona Trofimo naye mjini tu, wakadhani.

Najua msomaji atanirudisha kwenye Wagalatia, na ana haki. Paulo ni mkali pale kuliko mahali popote. Lakini tazama anamkalia nani kooni: wanaotaka kuwatahiri watu wa Mataifa. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri kwa mkono wake. Tito Myunani, hapana. Kwangu mimi anaonekana mtu mwenye msimamo mmoja: Myahudi abaki Myahudi, mgeni abaki mgeni, na wote wawili wale meza moja. Hapo pa meza ndipo palipowaka moto.

Antiokia. Petro amefika, anakula na watu wa Mataifa bila wasiwasi. Kisha wanakuja watu kutoka kwa Yakobo, na Petro anaanza kujivuta nyuma kidogokidogo, leo hana njaa, kesho ana mgeni. Barnaba naye akafuata. Paulo akamkabili Petro mbele ya watu wote. Nikisoma habari hii naliona bakuli letu la kisusio likipita mkono kwa mkono na kumfikia mtu asiyekunywa, na jinsi uso wa mwenye nyumba unavyobadilika. Kukataa chakula cha mtu mbele yake ni jambo zito, Marangu na Antiokia pia.

Na hapo ndipo yale masharti manne ambayo kikao kiliwapa watu wa Mataifa badala ya tohara yalipoanza kunieleweka. Vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, vilivyosongolewa, damu. Nilikuwa nayaona kama mabaki tu, kana kwamba walisahau kuyafuta. Kisha nikafungua Walawi 17 na 18. Kule Mungu anawapa Waisraeli sheria, na mara kwa mara anaongeza: na mgeni akaaye kati yenu. Mgeni asitoe dhabihu kwingine. Mgeni asile damu. Mgeni asifanye machukizo ya zinaa. Ni karibu mambo yaleyale ya Yakobo. Wasomi wengi wameliona hili kabla yangu, sijagundua kitu. Lakini lilinigusa kwamba tulipewa sheria za mgeni. Hakuna aliyetuambia tuwe Wayahudi. Tuliambiwa tu tusiweke mezani kitu kitakachomfanya mwenyeji ashindwe kuketi nasi. Yakobo anatoa na sababu: Musa anasomwa katika masinagogi kila sabato, mji kwa mji. Maana yake, wenyeji wenu wako palepale mlipo, wanaona mnachopika.

Nilimpigia binamu yangu kumweleza haya. Akasema: "Kwa hiyo nilikuwa sahihi." Nikamwambia ndiyo, kama mezani palikuwa na Myahudi. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikujua kama nimeshinda.

Huyo Yakobo ndiye ninayemsikitikia kuliko wote, maana tumemsahau kabisa. Aliongoza waumini wa Yerusalemu kwa miaka mingi. Simulizi za kale alizozihifadhi Eusebius, mwanahistoria wa kanisa, zinasema alipiga magoti hekaluni kuwaombea watu msamaha hadi magoti yakawa magumu kama ya ngamia. Hayo ni ya wampendao, chukua utakavyo. Lakini habari ya kifo chake tunayo kwa Josephus, ambaye hakuwa wa Njia. Mwaka 62 liwali Festo alikuwa amekufa, na mrithi wake Albinus alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu Ananus akaitumia nafasi hiyo, akaitisha baraza, akamshtaki "Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo", na wengine pamoja naye, wakapigwa mawe kwa kosa la kuvunja sheria. Nani akakasirika? Josephus anasema ni watu wa mji waliokuwa makini kuliko wote katika kushika sheria. Walimlalamikia mfalme Agripa na liwali mpya, na Ananus akavuliwa ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu. Yaani Wayahudi wanaoshika Torati walisimama upande wa Yakobo. Nikisikia mhubiri wa Ijumaa Kuu akipaza sauti kwamba "Wayahudi" walifanya hivi na vile, huwa nawakumbuka hao wasio na majina.

Basi walitenganaje? Polepole, na kwa maumivu. Mwaka 70 jemadari wa Kirumi Titus alibomoa hekalu, na saa tisa ikabaki bila sadaka. Mwaka 132 Bar Kokhba, aliyeitwa masihi na wafuasi wake, aliinua vita dhidi ya Warumi. Waliomwamini Yesu hawakuweza kumfuata masihi wa pili, na Justin Shahidi, mwandishi Mkristo wa karne hiyo, anaandika kwamba waliadhibiwa kwa hilo. Vita vilikwisha 135, Kaisari Hadrian akaujenga mji upya kwa jina la Kirumi, na Wayahudi wakapigwa marufuku kukanyaga humo. Eusebius anahesabu maaskofu kumi na watano wa Yerusalemu hadi wakati huo, wote wa tohara. Wa kumi na sita, Marko, alikuwa mtu wa Mataifa. Amri ya serikali, na mwenyeji hana tena ruhusa ya kuingia nyumbani kwake. Mgeni ndiye mwenye ufunguo.

Kuna kitabu kidogo cha zamani hizo kiitwacho Didake. Kilikuwa kimepotea mpaka Philotheos Bryennios alipokikuta Istanbul mwaka 1873. Kinawaagiza waumini wasifunge siku moja na "wanafiki", wanaofunga Jumatatu na Alhamisi. Wao wafunge Jumatano na Ijumaa. Nilicheka niliposoma. Kufunga kumebaki kulekule, mara mbili kwa juma, kama yule Farisayo wa kwenye mfano. Kilichobadilika ni siku tu, ili tusifanane na jirani. (Hapa Tanga jirani zangu Waislamu wanaopenda sunna wanafunga Jumatatu na Alhamisi. Mama mwenye nyumba nilipomweleza, alisema, "Basi sisi ndio tuliobaki na siku za wazee.") Lakini sala ya kikombe iliyomo kitabuni humo inamshukuru Mungu kwa ajili ya mzabibu mtakatifu wa Daudi. Huwezi kuwa Myahudi zaidi ya hapo.

Na watu wa kawaida hawakutengana haraka kama viongozi walivyotaka. Miaka ya 386 na 387 kasisi Yohana Krisostomo alikuwa akihubiri kwa hasira dhidi ya waumini wake waliokwenda sinagogini kwenye sikukuu za baragumu, waliofunga pamoja na Wayahudi, na walioapishana humo sinagogini. Mji gani? Antiokia. Palepale ambapo Petro alijivuta mezani, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, Mkristo wa kawaida alikuwa bado anajisikia nyumbani kwa jirani yake. Lugha ya yale mahubiri ni chafu. Ilitumika vibaya karne nyingi zilizofuata.

Hapa na mimi niungame ya kwetu. Tulikariri Katekisimu Ndogo ya Luther neno kwa neno, mwalimu akiwa na fimbo. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1543 Luther huyohuyo aliandika kitabu akishauri masinagogi yachomwe moto na vitabu vya Wayahudi vinyang'anywe. Nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, peke yangu, kwenye simu. Nilikasirika kwa wiki nzima, zaidi kwa ule ukimya.

Siku hizi mambo yamegeuka upande wa pili. Daladala zina bendera ya Israeli kwenye kioo cha nyuma, na makanisani pembe ya kondoo inapulizwa na mtu aliyejifunika shuka lenye vishada. Nina marafiki wanaofanya hivyo na siwadhihaki. Wana njaa ya asili ya imani yao, nami ninayo. Lakini mgeni akifika nyumbani kwa watu akavaa kanzu ya mwenye nyumba na kukaa kwenye kiti chake, bado mwenye nyumba hana pa kukaa. Ukiuliza wengi wao kuhusu Myahudi aliye hai leo, anasali vipi, anasoma nini Jumamosi asubuhi, jibu hakuna. Tunataka pembe, mwenye pembe hatumtaki.

Mwezi wa tatu nilikwenda Muheza kununua miche ya michungwa. Aliyeniuzia ni kijana wa kitaluni, mikono ina utomvu mweusi. Nikamwomba anionyeshe anavyobebesha. Akachukua mche wa mlimau wa kienyeji, mnene kama penseli, akachanja ganda lake kwa wembe kama herufi T. Akachomoa jicho kwenye kijiti cha mchungwa mtamu, akalisokomeza ndani ya ganda, akafunga kwa utepe wa nailoni, akiuvuta kwa meno. Haikufika dakika mbili. Shina la limau ni gumu, akasema, halisumbuliwi na ukame. Utamu unatoka juu.

Nikamsimulia Warumi 11. Kwamba Paulo anawaambia watu wa Mataifa wa Rumi kuwa wao ni tawi la mzeituni mwitu, lililobebeshwa kwenye mzeituni mwema wa shambani, na wasijivune, maana wao hawalibebi shina.

Alisimamisha wembe. "Tawi la porini kwenye shina zuri?"

"Ndiyo."

"Amegeuza. Hakuna mtu anabebesha limau juu ya mchungwa. Utapata malimau tu, kaka."

Nikamwambia Paulo mwenyewe anakiri hapohapo kwamba ni kinyume cha asili.

"Basi alijua," akasema, akaendelea kufunga utepe. Baada ya kitambo: "Sasa hilo tawi lilizaa nini?"

Sikumjibu. Nililipia miche miwili. Wakati naipakia kwenye pikipiki alinipa onyo la mwisho: kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo nilikate mapema, maana ni la shina lenyewe, likikua litanyonya nguvu yote na kile nilichobebesha kitakufa.

Mche mmoja umeshika vizuri. Wiki iliyopita niliamka nikakuta umetoa chipukizi chini ya utepe, majani mawili membamba ya kijani kibichi, yanayonukia limau ukiyafikicha. Nilikata, kwa sababu nataka machungwa. Ila nilisimama pale muda mrefu nikiwa na kisu mkononi, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kutoka barazani kama nimepoteza kitu.